Macho ya Taff

Miaka yote hii Mabli aliishi na lawama moja: kwamba yeye ndiye aliyempofusha Taff, mbwa wao wa kuchunga kondoo. Siku ya kuogesha kondoo aliacha josho wazi, mbwa akatumbukia kwenye dawa, na kabla ya majira ya baridi akawa anajigonga kwenye mageti. Iorwerth, mumewe, hakumpigia kelele. Alisema mara moja tu, mnadani, alipoulizwa mbele ya watu mbwa kapofukaje, "Mwulizeni mke wangu," na bonde zima likajua. Akafa na kinyongo chake.

Asubuhi hiyo jirani yao Tudur aliingia jikoni, akavua buti, akakaa akiizungusha kofia mikononi. Alikuwa ametaka kumpandisha Nel, mbwa wake jike aliyezaliwa pamoja na Taff, na wanunuzi wa siku hizi hawagusi mtoto wa mbwa mpaka mama apimwe vinasaba.

"Majibu yamekuja," akasema. "Nel simpandishi."

"Ana nini?"

"Ugonjwa wa macho wa kurithi. Kaupata kwa baba na kwa mama. Yeye umemgusa kidogo tu, anaona. Wengine unawapofusha wangali wadogo." Akakohoa. "Sikutaka kuja, Mabli. Hii ni mbegu ya mbwa aliyoizalisha Iorwerth mwenyewe, na marehemu alijivunia mbwa wake. Nisije nikaonekana namsema vibaya."

"Sema ulichokuja kusema, chai inapoa."

"Nilimpangusa Taff pia mdomoni kwa kijiti cha pamba, siku ile ulipotoka kufuata maziwa, nikapeleka mate yake yapimwe. Unisamehe, mikono yangu haitulii. Naye anao huohuo. Daktari anasema yale macho yangekufa tu, hata josho lisingekuwepo yangekufa."

Mabli aliweka birika chini. Taff, kando ya jiko, aliinua kichwa kusikia jina lake. Kilichomjia Mabli kwanza kilikuwa hasira, si faraja; hasira ya mtu aliyeshinda kesi na mshitaki wake hayupo. Iorwerth yuko kaburini, hasikii.

"Na wewe uliamini ni mimi?"

Tudur alitazama soksi zake. "Niliamini. Sote tuliamini."

Mabli akamkatia kipande kinene cha mkate wa zabibu, akakisukuma mbele yake, kisha akavuta kiti.

"Alhamisi utayasema hayo mnadani. Kwa sauti."

"Nitasema."

"Basi anza sasa," Mabli akamwambia, "nikusikie."