Mkaguzi Hugeukia Hamsini na Sita

Hapana, ng'ombe hakujua hesabu, nani kakudanganya? Watu wa Didia wakishaonja togwa kidogo, kila jambo linaota mkia. Ng'ombe alikuwa ng'ombe tu. Aliyejua hesabu ni Vumilia, na shida yenyewe ilikuwa hapo: anajua, ila hasemi. Tulia basi usikie toka mwanzo, maana ukianzia katikati hutaelewa ilikuwaje watu wazima wawili wakavishwa nira Jumapili mchana, kuku keshaiva.

Huyo Vumilia alikuwa msichana wa darasa la nne, anakaa na babu yake, mzee Bujiku, na bibi yake Zipora. Baba yake, Maganga, alikuwa huko Masumbwe anachimba dhahabu, anakuja mara mojamoja na vumbi lake na maneno yake mengi. Mtoto malezi yalimkaa vizuri mno, yakapitiliza. Akiona mtu mzima, goti chini, macho chini, shikamoo inatoka kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Na shuleni ni hivyohivyo. Mwalimu akimuuliza, macho yanakwenda chini, kidole gumba cha mguu kinachora sakafu, basi. Wenzake wakamwita Bubu. Mzee Bujiku alilisikia hilo jina siku moja njiani, likamkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Sasa pale jirani kulikuwa na binti anaitwa Sesilia, kamaliza kidato cha sita, anangoja chuo. Akawa anafundisha watoto majumbani, mmojammoja, kila mtoto na saa yake. Akaanza na Vumilia kwenye kibaraza cha jikoni. Anauliza, kimya. Anabembeleza, kimya. Binti wa watu alikuwa anarudi kwao kichwa kinamgonga.

Jumamosi moja akapita kando ya shamba la Bujiku. Mvua zilikuwa zimeshika, mzee kaning'inia kwenye plau, na mbele anayeongoza ng'ombe ni mtoto, anapayuka:

"Mkaguzi! Wewe Mkaguzi, unalala? Diwani, acha majani ya watu! Geuka! Nimesema geuka!"

Hao ni ng'ombe. Mkaguzi aliitwa hivyo kwa kumkodolea kila mtu macho kama anatafuta kosa, na Diwani kwa sababu ya tumbo.

Sesilia akasimama, akamwamkia babu wa watu kwa Kisukuma. "Mwadila, guku! Huyo anayepiga kelele ni nani?"

"Mjukuu wangu," Bujiku akajibu. "Unamjua."

"Huyo simjui. Yule wa kibarazani ndiye ninayemjua."

Basi toka siku hiyo kibaraza kikafungwa. Sesilia akahamia shambani, anatembea pembeni ya Vumilia na tope lake miguuni, anamnong'oneza, "Usiniambie mimi. Mwambie Mkaguzi. Hajui kitu huyo, mfundishe." Na Vumilia anamfundisha kweli. Saba mara tatu, Mkaguzi! Saba mara nne, Diwani, unasikia? Mwisho wa mstari, mahali pa kusema geuka, Sesilia akaleta utundu wake: usiseme geuka, piga saba mara nane, kisha sema jibu kwa sauti. Mtoto anasema hamsini na sita, huku anavuta kamba. Kidogokidogo ng'ombe wakazoea. Hata kamba haivutwi tena. Wakisikia hamsini na sita tu, hao wanageuka.

Bujiku alinung'unika. "Mtaniharibia ng'ombe. Siku nikitaka kuwauza nitamwambia mnunuzi nini?" Lakini alinung'unika huku anacheka ndevuni.

Ikaja siku mzee Edson, jirani, kasimama kwenye mpaka, wanapiga soga huku plau inakwenda. Edson akamuuliza, "Hivi Bujiku, wewe ulizaliwa mwaka gani?"

Mzee akajibu kwa majivuno, kwa sauti, "Mimi? Hamsini na sita!"

Lo! Mkaguzi huyo, na Diwani wake, wamegeukia kwenye pamba ya Edson, na mzee nyuma anaburutwa, "Siyo nyie! Siyo nyie!" Vumilia alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Walikwenda wote kuomba radhi na kupanda upya, na mtoto ndiye aliyemweleza Edson kilichotokea, mwanzo mpaka mwisho, mdomo wazi. Bujiku aliliona hilo.

Basi Maganga akaja Jumapili, na rafiki yake wa machimboni, Januari, mtu wa mizaha. Zipora akachinja kuku, Sesilia naye akaalikwa. Ugali ukapikwa, mkeka ukatandikwa. Maganga akatangaza, "Kabla hatujala, nataka kusikia hiyo tuisheni. Mtoto aseme jedwali la saba na la nane hapa mbele ya watu. Akishindwa, kesho naondoka naye. Dada yangu Apolonia kafungua mgahawa Masumbwe, anataka wa kuosha sahani. Na naapa, hali mtu hapa mpaka aseme."

Bujiku akaanza kuhesabu watakaobaki. Akiondoka huyu, nyumba itabaki na nani? Kikohozi cha Zipora na chake, basi.

Vumilia akapiga goti. Macho chini. Kidole gumba kikaanza kuchora.

"Sema."

Kimya. Kuku ananukia. Januari akapeleka mkono kwenye bakuli la michembe, vile viazi vikavu, Zipora akaupiga kofi.

Sesilia akasema, "Baba Vumilia, twende shambani. Anasemea kwa ng'ombe."

"Mtihani una ng'ombe?" Maganga akauliza. "Mimi ndiye baba yake. Aniambie mimi."

Hapo Bujiku akainuka. Akaenda zizini, akarudi na nira begani, akaitupa mbele ya mwanawe. "Umeapa, nasi tuna njaa. Mtoto anasemea kwa ng'ombe, wewe unataka akuambie wewe. Basi vaa."

"Baba!"

"Baba yako ndiye anayekwambia. Vaa, au mwambie mama yako kuku amwagwe."

Januari kumbe keshaingiza shingo. "Njoo bwana, kule duarani, shimoni, tunabeba mizito kuliko hii!" Akalia kama ng'ombe. Maganga akamtazama mama yake, akatazama sufuria, akainamisha shingo.

Vumilia akashika kamba. Sauti ikatoka ndogo. "Saba mara moja..."

"Sisi ng'ombe wa machimboni ni viziwi!" Januari akapiga kelele. "Baruti imetuharibia masikio!"

Mtoto akacheka. Akavuta pumzi. "Saba mara mbili, kumi na nne! Twende!" Wakaenda. Ua wote unatetemeka. Alipofika saba mara nane, "Hamsini na sita!" Januari akageukia kushoto, Maganga akageukia kulia, nira ikawabana shingo.

"Mkaguzi!" Vumilia akafoka. "Nani kakwambia uende huko?"

Mkaguzi huyo alikuwa baba yake. Zipora akaziba mdomo. Bujiku akafumba macho, akangoja kofi.

Maganga akainua uso kutoka chini ya nira, jasho likimtiririka, akamtazama bintiye, naye bintiye anamtazama.

"Mooo," akasema Maganga.

Kisha, akiwa palepale, "Nane mara saba?"

"Ndiyo hiyohiyo uliyokosea. Hamsini na sita."

"Nane mara tisa?"

"Sabini na mbili."

Maganga akavua nira, akasimama kwa urefu wake wote. Hapo ndipo Bujiku aliposhikilia fimbo yake kwa nguvu, maana sasa hakuna ng'ombe, ni baba. "Nane mara sita?"

Goti la Vumilia likaanza kukunjika. Likasita. Likanyooka. "Arobaini na nane, baba," akasema, wazi, macho juu.

Maganga akajipapasa shingo. "Apolonia atafute mwingine wa sahani." Akamgeukia Sesilia. "Na wewe mwalimu, usimfundishe hivi kila mzazi, utatuua."

Vumilia akachukua birika na beseni, na sasa ndiyo akapiga goti, akawanawisha mikono, baba yake kwanza, Januari wa pili.

"Ugali umepoa," Zipora akasema. "Mnageukia mkekani, hamgeuki?"

Bujiku akapaza sauti, "Hamsini na sita!"

Huko zizini kitu kikagonga boma, puu. Na pale uani wote wakageuka, hata Sesilia, hata Januari ambaye alikuwa keshameza paja, wakakaa mkekani, wanaume na wanawake pamoja siku hiyo, wakala.