Kocha wa Mgongo wa Jocelyne

Mgongo wa Jocelyne ulikuwa umeanza kumgeuka. Kutwa nzima alisimama nyuma ya kiti chake katika saluni moja ya Yeoville, mtaa wa wahamiaji, akisuka vichwa vya watu, na ikifika alasiri kiuno kilikuwa kinawaka kama pasi. Mwenye saluni hakumficha: Desemba inakuja, kila mteja atataka asukwe kabla ya kusafiri, na msusi anayekwenda kuketi kila baada ya mistari miwili atampisha mwingine kwenye kiti. Nesi wa kliniki naye alimwambia misuli yake imelegea, atafute mtu wa kumfundisha mazoezi.

Ndivyo alivyojikuta ndani ya jimu moja, juu ya duka la vitambaa, akitazama ukutani picha za makocha waliokunja mikono kama watu waliodhulumiwa urithi. Pale mtu aliruhusiwa kuwajaribu kabla hajachagua. Wa kwanza alihesabu kwa sauti ya kufukuza mwizi, na Jocelyne akawa anaomba radhi kila anapoinama. Wa pili alitafuna chingamu akichezea simu, akasahau kumwambia ainuke, na Jocelyne akabaki amechuchumaa kwa sababu aliona haya kumkatiza. Wa tatu alikuwa Gaël, kijana wa Goma mwenye mabega ya kuziba mlango na sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Inauma wapi?" akanong'ona.

"Hapa," Jocelyne akanong'ona pia.

"Basi hapo tupaache kwanza. Tuanze na miguu."

Jocelyne hakukumbuka mtu aliyewahi kumuuliza anaumwa wapi kisha akangoja jibu. Alirudi nyumbani kiuno chepesi, moyo umeshaamua. Kosa lake ni kwamba alimwambia Tantine.

Tantine Victoire, dada ya marehemu mama yake, ndiye aliyemlea tangu Bukavu, na nyumbani kwake hata pazia halikubadilishwa bila kikao.

"Mwanaume akushike kiuno, familia haimjui?"

"Hanishiki, Tantine. Ananielekeza."

"Akuelekeze, lakini nimwone kwanza."

Kesho yake Tantine alipanda ngazi za jimu amevaa kitenge cha kanisani na kilemba, mkoba kwapani. Akaketi upandeupande juu ya baiskeli ya mazoezi, kama abiria wa pikipiki, akamwita Gaël.

"Papa, uko mtoto wa nani?"

"Wa Papa Lambert wa Goma, mama."

"Unasali wapi?"

"Rosettenville, mama. Naimba kwaya. Besi."

"Na hiyo sauti? Haya. Pombe?"

"Hapana, mama."

"Bibi?"

Gaël akaangusha chuma alichokishika. "Bado sijaoa, mama."

"Bon," Tantine akasema, akishuka kwenye baiskeli. "Tumekuona."

Jocelyne alikuwa amejibanza nyuma ya mashine ya kukimbilia, akitamani mtu aiwashe impeleke mbali. Hata hivyo alifurahi. Kocha amepita.

Kumbe kijana wa kwao akiulizwa maswali yale, kwa mpangilio ule, na mama aliyevaa vile, haoni tena mteja wa mazoezi. Jumapili baada ya ibada mlango ukagongwa. Gaël alikuwa amevaa suti iliyombana mabegani. Mbele yake alisimama baba yake mdogo, Papa Ezéchiel, tai imekazwa mpaka kidevuni, na katikati yao kreti ya soda iliyofungwa utepe mwekundu.

"Tumeona ua zuri ndani ya nyumba hii," Papa Ezéchiel akasema.

Tantine alipigwa na butwaa, lakini mgeni mwenye kreti harudishwi mlangoni. Akawakaribisha, akaanza kukifunga upya kilemba chake. Jocelyne akamvuta Gaël jikoni.

"Gaël, wewe unataka kunioa?"

"Mimi?" Macho yalimtoka. "Tantine yako aliniuliza kama nina bibi. Nikamwambia baba mdogo. Akasema mtu haulizwi vile bure, nikinyamaza nimewadharau. Nikaogopa utachukua kocha mwingine."

"Eish! Umekuja kuposa ili usipoteze mteja?"

"Nimekuja kwa heshima," akanong'ona, jasho likimtiririka. "Na suti si yangu."

Wakaitwa sebuleni. Kwao soda ya wageni kama hawa haifunguliwi mpaka msichana mwenyewe aulizwe; ikinywewa, posa imekubaliwa. Tantine akainua chupa moja.

"Jocelyne, mwanangu. Soda ya hawa watu tunywe, ao tusinywe?"

Akisema tunywe, kabla ya jua kuzama Bukavu nzima itakuwa na picha ya mchumba wake. Akisema tusinywe, Gaël atakuwa ameaibishwa mbele ya mzee wake, hataweza tena kumtazama usoni, na yeye atabaki na yule mfukuza wezi hadi kiti kimtoke. Siku zote akiulizwa jambo alijibu, "Kama mnavyoona ninyi." Leo kiuno kilimwaka.

"Kunyweni," akasema.

Papa Ezéchiel akainua mikono mbinguni.

"Sijamaliza, papa." Sauti ilimshtua mwenyewe. "Kunyweni mkijua mnachokunywea. Nimemchagua Gaël awe kocha wangu. Mume sijachagua, na yeye hajaniomba. Nina mgongo mbovu, na nisipopona nitafukuzwa kazi."

Papa Ezéchiel akaishusha mikono.

"Mimi nimefunga hii tai," Papa Ezéchiel akasema polepole, "kwa ajili ya mgongo?"

"Mgongo wa mtoto wangu ni kitu kidogo, papa?" Tantine akamrukia, maana aibu yake ilikuwa inatafuta pa kutulia. "Ndio unaolisha hii nyumba! Ulitaka uje na kaptula?"

Papa Ezéchiel akaitazama kreti, akamtazama mtoto wa kaka yake aliyekuwa akijaribu kujificha ndani ya suti. Alikuwa ameiandaa hotuba wiki nzima na hakuwa tayari kurudi nayo. Akasimama, akakohoa.

"Basi. Mbele ya wote waliopo, ukoo wetu unamkabidhi kijana wetu kwa huu mgongo. Akiukosea, mtuite sisi."

"Tumempokea," Tantine akajibu, akaifungua chupa. "Sasa ataanza lini? Mimi naona Jumatano..."

"Kesho asubuhi," Jocelyne akasema, "kabla ya saluni. Tantine, wewe utabaki nyumbani."

Tantine akafungua mdomo, kisha akautumia kunywa soda.

Papa Ezéchiel akailegeza tai, akaketi kwa taabu huku ameshika goti.

"Gaël," akauliza kwa sauti ya chini, "na magoti unayafundisha?"