Tupungieni Mkono Mpite

Polisi walimpungia mkono, wakapita zao. Boti ya doria ikakata maji kwa raha, askari mmoja kwenye usukani, mwenzake nyuma akitabasamu. Cheche akabaki amesimama kwenye kiboti chake, mkono bado uko juu, injini imekufa.

"Wamekuona?" mkewe akauliza.

"Wameniona."

"Sasa mbona wanakwenda?"

Cheche alijua kwa nini, na ndiyo maana roho ilimchoma. Mwezi uliopita mkuu wa doria aliwaita wenye viboti vya starehe, akawauliza wanataka nini kwa polisi wa ziwani. Wenye boti kubwa wakabaki kukuna vichwa. Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, ndiye aliyeinuka akatoa la moyoni. Wamechoka kusimamishwa! Mtu wiki nzima unavuta moshi wa karakana, Jumapili unatoka kupunga upepo, askari anakuja kukuuliza leseni iko wapi, makasia yako wapi, utadhani umeiba ziwa.

"Mkituona, tupungieni mkono mpite," alisema, na watu wakampigia makofi mpaka akaona haya.

Mkuu wa doria akasema sawa, wamesikia. Na kumbe walisikia kweli. Katika maisha yake yote serikali haikuwahi kumsikiliza, ikaja kumsikiliza leo!

Leo ambapo mkewe amekubali kuja. Kile kiboti Cheche alikiunga mwenyewe, bati kwa bati, na tangu akimalize alikuwa akitoka nacho peke yake kama kapera. Mama watoto aliyaogopa maji hata ya kwenye beseni. Alibembelezwa wee, akashonewa mto wa kukalia, akaambiwa, "Polisi wamejaa kule, utaogopa nini?" Makasia yakaachwa nyumbani ili apate pa kunyoosha miguu. Siku hii ikiharibika, basi tena. Cheche atazeeka peke yake majini, na hilo lilimuuma kuliko injini.

Akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Upepo ulikuwa ukiwasukuma taratibu kuelekea kwenye miamba ya ng'ambo, na sauti ya mawimbi yanayopasuka pale ilizidi kusogea. Mkewe alikuwa ameng'ang'ania ukingo kwa mikono miwili tangu walipoondoka.

Boti ya doria ikarudi. Safari hii Cheche akapunga mikono yote miwili, akirukaruka mpaka kiboti kikayumba. Askari nao wakapunga yote miwili, na yule wa nyuma akaongeza na kiuno kidogo.

"Hawana akili hawa!" Cheche akafoka. "Hivi mtu mzima anaweza kurukaruka hivi kwa salamu?"

"Uliniambia polisi wapo," mkewe akasema.

"Si unawaona?"

"Nawaona. Wana adabu kweli."

Kisha akaachia ukingo mkono mmoja, akaukunja, akawaonyesha ngumi. Akaitikisa hasa, na mdomo nao haukubaki nyuma.

Boti ikageuka palepale.

"Mama, ni sisi unaotutukana?" askari wa usukani akauliza walipofika.

"Ni nyie! Tumewapungia mpaka mikono imekufa ganzi. Hamuoni tunakwenda kwenye miamba?"

Askari akamtazama Cheche, akamtazama tena, akaanza kucheka. "Fundi, si wewe uliyesimama kwenye mkutano?"

"Nilisema mtupungie," Cheche akasema kwa hasira. "Sikusema mpofuke."

"Sasa tutajuaje ipi ni salamu na ipi ni shida?"

Cheche akasonya. Askari wakafunga kamba kwenye pua ya kiboti. Askari akasema mama ahamie kwao, maana kiboti kikivutwa kinayumba. Akahamia upesi, wala hakuaga. Wakampa jaketi la kujiokolea, wakamkalisha karibu na usukani.

Safari ya kurudi ikaanza, mume nyuma kwenye ncha ya kamba, akirushiwa maji usoni. Injini ya polisi ilinguruma kiasi kwamba hakusikia wanaongea nini huko mbele, ila aliona mabega ya mkewe yakitikisika kwa kicheko. Akamwona anauliza kitu, askari anamwonyesha maji kwa kidole. Akamwona anajisogeza pembeni, anainama, anatumbukiza vidole ziwani, na kuviacha humo, maji yakipita katikati yake njia nzima.