Kadi Iliyogoma Kinjumbi

Shamimu alikuwa mpiga picha wa harusi pale Nangurukuru, akishirikiana na Optatus, kaka aliyemfundisha kazi. Asubuhi ya harusi ya Esha walibishana juu ya kadi za kamera. Optatus alimwekea kadi ndogo nne mezani, akasema moja ikigoma nyingine zitasalia. Shamimu aliitaka ile kubwa aliyoinunua karibuni. Harusi iliyopita alikuwa ameinama akibadilisha kadi ndogo iliyojaa wakati bibi harusi anamkumbatia mama yake, na picha ile aliikosa. Akaichomeka kubwa kwenye kamera, zile ndogo akazitupia mkobani ili Optatus anyamaze.

Huko Kinjumbi, nyumbani kwa akina Esha, mambo yalikwenda vizuri hadi alasiri. Esha alipokuwa karibu kutolewa, baba yake, Mzee Yahya, aliyekuwa kitandani tangu Ramadhani, aliletwa sebuleni ameshikwa huku na huku. Akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, akamwombea dua. Watu walilia. Shamimu alipiga picha mfululizo, mara kamera ikaganda. Kioo kikaandika kuwa kadi haisomeki, kikamuuliza kama aifute aanze upya.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akaizima kamera, akaichomoa kadi na kuifunga kwenye pembe ya mtandio, akachomeka ndogo. Alipoinua macho, Mzee alikwisharudishwa ndani.

Angeweza kunyamaza. Alijiambia kwamba Optatus atazitoa picha kwa kompyuta, kwamba haifai kuwaharibia watu siku yao. Lakini sababu hizo hazikumridhisha. Akamsogelea Esha, akamnong'oneza kwamba kadi imegoma.

Esha alimtazama. "Picha ya baba imo humo?"

"Imo. Sijui kama itapatikana."

Esha akainuka na mapambo yake, watu wakiguna kwamba gari linasubiri, akamshika Shamimu mkono wakaingia chumbani. Mzee Yahya alikuwa amelala chali, akihema. Shamimu alimwamkia shikamoo kwa sauti ndogo. Esha ndiye aliyeeleza.

"Kusimama tena siwezi," Mzee akasema. "Njoo wewe huku chini, mwanangu."

Esha akapiga magoti kando ya kitanda. Mkono wa Mzee ukarudi kichwani pake. Shamimu alipiga picha chache tu, na kila moja aliifungua papo hapo kuhakikisha imeingia.

Optatus alihangaika na kadi kubwa wiki nzima. Zikapatikana picha za mapishi na za akina mama wakicheza. Za dua hazikuonekana. Hakumlaumu Shamimu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mzee Yahya alifariki kabla mwezi haujaisha. Esha alipofuata picha zake, Shamimu alimwomba radhi, akaahidi kuifuta kwa kompyuta meza ya chupa za dawa iliyoonekana kando ya kitanda ili picha ya chumbani ionekane nadhifu.

"Iache," Esha alisema. "Ndivyo alivyokuwa."

Akabaki ameishika. Baadaye akauliza kama Shamimu anaweza kuja nyumbani siku moja ampige picha yeye na mama yake, bila kungoja shughuli yoyote.