Sauti ya Kumrudisha Baba

Mzee Mwita alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Asubuhi za ukungu alitoka kwenye fleti yao ya Laurel, Marekani, akashika njia ya mtoni, akidhani anakwenda kwao Tarime, Tanzania. Binti yake Ghati, mtaalamu wa kompyuta, akamtengenezea programu ya simu. Mzee akipotea, simu mfukoni mwake ilimwita kwa sauti ya marehemu mkewe, Euphrasia, iliyorekodiwa zamani. "Geuka huku, Mwita. Njoo." Naye aligeuka taratibu, akaifuata sauti hiyo ndani ya weupe wa ukungu mpaka mlangoni.

Familia nyingine zikaiomba programu hiyo. Kila nyumba iliweka sauti ya mtu wake.

Ndipo kampuni moja ikamshtaki Ghati. Ilikuwa na hataza, ile haki ya kumiliki uvumbuzi, na ilitaka programu izimwe.

"Wanachodai ni nini hasa?" Ghati alimwuliza wakili wake, Dorothea.

"Simu yoyote inayomwongoza mtu kwa sauti."

"Yoyote?"

"Ndivyo walivyoandika. Hawakueleza inafanyaje kazi. Wamezungushia uzio wazo zima. Tutapinga, lakini kwa sasa izime."

Akaizima, huku roho ikimuuma.

Kesho yake alimkuta baba yake amesimama katikati ya magari yaliyolowa umande, kichwa kakiinamisha upande, anasikiliza. Kulikuwa kimya. Ghati hakuwahi kumwita baba yake kwa jina.

"Geuka huku, Mwita," alisema mwishowe. "Njoo."

Mzee akageuka. "Euphrasia, leo umechelewa."

"Foleni barabarani," Ghati akamjibu, akamshika mkono. Kwa muda hakujua yeye ni nani kati ya wale wawili, binti au mke, wala hakutaka kujua.

Miti ilipoanza kuchipua, waamuzi wa kesi waliifuta hataza ile. Wazo tupu, walisema, si uvumbuzi. Wakati huo miguu ya mzee ilikuwa imekwisha nguvu. Ghati aliiwasha programu kwa ajili ya wengine.

Siku moja akimlisha baba yake uji, Jeptoo wa Springfield, mmoja wa walioiomba programu, alimpigia simu. Mama yake alikuwa ametoka peke yake, naye Jeptoo alikuwa akimtazama kutoka ng'ambo ya barabara, akisubiri taa imruhusu kuvuka.

"Amesimama," Jeptoo alinong'ona. "Dada Ghati, anasikiliza."

Ghati akaweka kijiko chini.

"Anageuka."