Mguu wa Kugeukia

Goti lililokatika kano linatembea. Watu hawalijui hilo. Hudhani mtu akikatika kitu ndani ya goti atagaagaa chini mpaka aletewe machela, na akiinuka mwenyewe akajipangusa vumbi, basi ni mzima, alikuwa anadeka tu. Weee! Goti la namna hiyo litakupeleka sokoni, litakupandisha ngazi, litasimama nawe kwenye foleni asubuhi nzima, na hakuna atakayejua. Lipeleke mbele moja kwa moja, halina neno. Ubaya wake uko kwenye kugeuka. Geuka nalo siku moja umesahau, ndipo utajua kwamba ndani hakuna tena kinachoshika.

Fundi aliyajua hayo kwa sababu goti kama hilo alikuwa nalo mwenyewe, la kulia, huu mwaka wa ishirini na mbili. Alikuwa fundi wa nguo. Chumba chake kilitazama barabara, cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, na nyuma ya pazia ndipo alipolala yeye na binti yake. Mteja akiita mlangoni, Fundi huinuka akakanyaga mguu wa kushoto kwanza, akageuka kwa huohuo wa kushoto, duara zima, hata kama njia ya mkato ilikuwa upande wa pili. Wateja wengine walidhani ni maringo.

Zamani, kabla ya uzi na mkasi, alikuwa senta wa netiboli asiyeshikika. Wiki moja kabla ya kuchaguliwa timu ya taifa goti likasema ta. Kwa vile alitembea, kila mtu alimwambia hana kitu, acheze tu, na akacheza mpaka likaisha kabisa. Nafasi yake ikaenda kwa rafiki yake. Rafiki huyo sasa ndiye aliyekuwa Kocha wa timu ya mtaa, na Fundi aliishonea timu hiyo jezi na kuwafunga wasichana wake bandeji. Walisalimiana vizuri, wakacheka, wakaulizana hali. Lakini jambo lenyewe halikuwahi kuzungumzwa.

Binti yake walimwita Pia, kama ile pia wanayochezea watoto, kwa jinsi alivyozunguka. Tangu akiwa na miaka minne, Fundi alikuwa anasogeza meza ukutani, anafunga mabaki ya vitambaa yanakuwa mpira, anamrushia. "Daka! Tua! Geuka!" Maana katika netiboli ukishadaka hukimbii na mpira. Mguu uliotangulia kugusa chini unabaki palepale, na wewe unauzungukia mpaka umwone mwenzako wa kumpa. Mtoto akajifunza kuzunguka kwa mguu wa kulia, kama mama yake. Na alikuwa msikivu, jamani, mpaka majirani wakaona wivu. Fundi akiuliza, "Asiyesikia la mkuu?" yeye hujibu hata kama mdomo umejaa chakula, "Huvunjika guu!" Hakuwa mtoto wa kuambiwa mara mbili.

Sasa Pia ana miaka kumi na tisa, senta wa timu ileile ya mtaa, na wachaguzi wa timu ya taifa wametangaza kwamba watakuja kutazama fainali. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, mazoezini, akatua vibaya. Fundi alikuwa pembeni ya uwanja na mkoba wake wa bandeji, akausikia mlio, kama uzi mnene unaokatwa kwa meno. Pia alianguka, akainuka, akatembea mwenyewe mpaka kwenye benchi. Wenzake wakampigia makofi. Fundi hakupiga.

Walikwenda hospitali, akapimwa. Siku ya majibu Pia alikuwa na mtihani chuoni, kwa hiyo Fundi alikwenda peke yake.

"Kano ya mbele imekatika yote," alisema daktari wa mifupa, akigeuza picha ili Fundi aone, ingawa Fundi hakuona kitu ila weusi na weupe. "Lakini gegedu, lile tandiko laini kati ya mifupa, bado zima, na hiyo ndiyo bahati yake. Tumpasue, tumwekee kano nyingine, atulie miezi tisa. Baada ya hapo atacheza mpaka achoke mwenyewe."

"Kuna mechi wiki mbili na nusu zijazo, daktari."

"Mama, akicheza hivi goti litateleza. Likiteleza gegedu litasagika, na likisagika hata mimi sina la kumfanyia."

"Lakini anatembea, daktari."

Daktari alikuwa amemwona akiingia, na alikuwa ameona alivyogeuka kukaa kwenye kiti. "Hata wewe unatembea, mama," alisema.

Akaandika yote kwenye karatasi, akampa.

Tuseme ukweli, maana kuficha hapa hakusaidii mtu. Fundi alimpenda mwanawe kuliko macho yake. Lakini ile nafasi aliitaka. Aliitaka miaka ishirini na miwili, asubuhi na jioni, kila alipomwona Kocha akivuka barabara kwa miguu yote miwili. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijiambia kwamba anayeitaka ni Pia, kwamba nafasi ya namna ile haigongi mlango mara mbili, kwamba mwaka ujao nani anajua. Mpaka anafika mlangoni alikuwa amejiamini. Kujidanganya hakuna fundi kama mtu mwenyewe.

Akaisukuma karatasi ndani kabisa ya droo ya cherehani, chini ya vifungo.

"Daktari kasemaje, mama?" Pia aliuliza aliporudi.

"Imevutika. Tutafunga vizuri, utacheza."

Pia alimwangalia, akaangalia goti lake. "Haya, mama," akasema.

Siku zilizofuata meza ilirudi ukutani. Fundi alimfundisha mwanawe ujuzi wote aliokuwa nao wa kuishi na goti lile. Namna ya kushuka ngazi. Namna ya kuvaa viatu. Na zaidi ya yote, namna ya kutua upya. "Kushoto! Utue kushoto, ugeuke kwa kushoto. Wa kulia huo mchukulie mgeni, mkaribishe lakini usimtume kazi." Pia alidaka, akatua kushoto, akadaka tena. Mara mia kwa siku. Jioni Fundi akakaa kwenye cherehani kushona jezi mpya za fainali, na ile ya senta aliishona ya mwisho, kwa mshono wa kurudia mara mbili. Alipokuwa anaishona aliimba. Hakujua kwamba anaimba.

Siku mbili kabla ya mechi Kocha alimsimamisha Pia mbele ya timu. "Tembea mpaka kwenye nguzo, urudi."

Pia akatembea. Penye nguzo akageuka kwa mguu wa kushoto, taratibu, duara zima, akarudi. Alitembea kama bibi harusi. Kocha akamvuta Fundi pembeni.

"Daktari alisemaje?"

"Imevutika tu."

"Nakuuliza tena, dada. Nalikumbuka goti lako."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja tu lingetosha, na Kocha angemweka binti benchi, angetukanwa yeye, na Fundi angebaki kuwa mama wa kuonewa huruma. "Imevutika," alisema Fundi. Kocha akaamini. Nani atadanganya juu ya goti la mtoto wake?

Siku ya fainali uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya kuta. Fundi alimfunga Pia bandeji, tabaka juu ya tabaka, akapiga kofi dogo juu yake kama anavyopiga kola iliyokaa vizuri. Wachaguzi walikuwa watatu, chini ya mwavuli mmoja, na madaftari mapajani.

Pia akacheza. Loh, akacheza! Robo ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mpira alitua kushoto, na hakuna aliyegundua kwamba senta wa timu hii anazunguka upande mmoja tu. Fundi alikuwa akitembea kando ya mstari sambamba naye, midomo ikisema kushoto, kushoto, bila sauti. Robo ya mwisho ikaja, mabao sawa, dakika moja imebaki. Mpira ukarushwa juu. Pia akaruka, akadaka, msichana wa timu pinzani akamgusa begani angali hewani, na akatua kulia.

Akasimama. Goti lilimshika. Alikuwa na mwenzake hatua mbili mbele yake, mkono juu, anaomba. Hakuhitaji kugeuka. Angempa yule tu, mchezo ungeendelea, na hata wangetoka sare, kusingekuwa na ubaya wowote.

Lakini Fundi kutoka pale alipokuwa alimwona mfungaji, nyuma ya Pia kabisa, peke yake chini ya goli. Akasahau kila kitu. Akasahau bandeji, akasahau karatasi, akasahau wiki zote za kushoto, kushoto. Alikuwa tena na miaka ishirini, na uwanja ulikuwa wake.

"Geuka!"

Na Pia akageuka. Aliisikia ile sauti iliyomfundisha akiwa na miaka minne, akazunguka kwa mguu wa kulia kabla neno halijaisha, na mpira ukatoka mikononi mwake umenyooka, mzuri, ukamfikia mfungaji. Bao. Filimbi. Watu wakamiminika uwanjani wakiruka na kupiga vigelegele, na katika watu wote wale mmoja tu ndiye aliyekuwa amesikia sauti nyingine, ya kitu kinachosagika, kisha kilio kifupi cha binti aliyekaa chini na kushika goti kwa mikono miwili.

Daktari alikuwa yuleyule. Aliitazama picha mpya, akaizima. "Utatembea," alimwambia Pia. "Kucheza, hapana. Nilimweleza mama yako. Na karatasi nikampa."

Akatoka kuwaacha. Fundi alisimama ukutani, anangoja. Alitaka kutukanwa. Alimwomba Mungu binti amtukane, amrushie kitu, amwambie toka. Pia alikuwa analichezea pindo la shuka.

"Nilijua, mama," alisema. "Nilikuwa natafuta kifungo cheusi drooni. Siku ileile."

"Sasa kwa nini ulicheza? Mwanangu! Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unashona ile jezi," Pia alisema. "Ulikuwa unaimba. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kukusikia unaimba."

Fundi alilia hapo mpaka muuguzi akaja kuuliza kama mgonjwa amefariki.

Kocha alikuja nyumbani baada ya wiki mbili. Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba na bahasha mkononi, akaiweka juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na mkasi. "Hii ni barua ya kuitwa timu ya taifa," alisema. "Nilikuwa nimesimama karibu na wachaguzi. Jina lake waliliandika robo ya pili. Kwenye ile pasi ya mwisho walikuwa wameshafunga madaftari." Akafika mlangoni, akarudi nusu hatua. "Mimi nafasi yako niliichukua, dada, sikatai. Lakini mtoto wako sikumgusa." Tangu siku hiyo jezi zinashonwa mtaa wa pili.

Miezi ikapita. Pia alipasuliwa goti ili walau atembee, akaacha magongo, akaanza kumsaidia mama yake kazi ndogo ndogo, vifungo na pindo. Hawakuwa wamegombana. Walipikiana, walicheka redioni pakiwa na kichekesho. Ila Fundi hakuimba tena, na Pia hakumwomba aimbe.

Siku moja alikuja mteja, mama mmoja mcheshi wa mtaa wa juu, kujaribu gauni la harusi ya mdogo wake. Fundi alikuwa amepiga goti, pini mdomoni, anapima pindo. Pini zikambakia chache. Pia akainuka dirishani kuleta nyingine. Akakanyaga mguu wa kushoto kwanza, akageuka kwa huohuo wa kushoto, duara zima, akaingia nyuma ya pazia.

"Ehe!" mteja akacheka. "Mama na mwana, mmefanana mpaka maringo."

Pia alipotokeza na kijikopo cha pini, yule mama akaliona kovu gotini. "Kumbe ni wewe, yule wa mpira? Pole, mwanangu. Lakini ndio nyinyi watoto wa siku hizi, mnaambiwa tulieni, masikio mmetia pamba. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu..."

Akaliacha hapo, kama tunavyoliacha wote, ili mwingine amalizie. Na Pia, aliyelelewa na jibu hilo mdomoni, akafungua kinywa.

"Huyu alisikia," alisema Fundi.

Alikuwa bado chini, kwa goti moja, la kushoto. Alitema pini zote kiganjani.

"Huyu alisikia, mama. Mimi ndiye niliyemwambia ageuke."