Nyumba ya Mtu Asiyeaga

Bosibori aliondoka kijijini Kaliwening bila kuaga, na wala hakusahau. Alikusudia. Kule kwenye milima ya Java, mtu anayehama hupita nyumba kwa nyumba, akaomba radhi kwa makosa anayoyajua na asiyoyajua, naye akaambiwa aende salama. Akishatoka mlango wa mwisho, ameondoka, hata kama gari lake halijafika. Asiyeaga bado yupo. Hata avuke nusu ya dunia, kijiji kitamhesabu kuwa yumo, pengine amekwenda sokoni akachelewa. Mama huyu wa Kisii aliijua desturi hiyo kuliko baadhi ya wenyeji, kwa hiyo siku binti yake Wulan alipokuja kumchukua ampeleke Toronto, alipanda gari alfajiri akafunga mdomo.

Jinsi mwanamke wa Kisii alivyofika huko ni habari fupi. Marehemu mumewe, Marwoto, alikuwa fundi wa mitambo ya majani chai. Aliletwa Nyamira kufunga mashine kiwandani, na alipomaliza kazi akarudi kwao na mke. Watu wa Kaliwening walimtazama mgeni huyo mrefu kama mlingoti wa bendera, wakacheka namna alivyousonga ugali, halafu wakaanza kuuomba. Mpaka Marwoto anafariki, Bosibori alikuwa ameishi kule muda mrefu kuliko alivyoishi kwao.

Nyumbani kwake Kaliwening Bosibori hakuwa na kufuli. Mlango ulifungwa kwa komeo la mti ambalo hata mbuzi angelifungua akitia nia. Ulinzi wa kijiji ulikuwa wa namna nyingine. Wanaume walikwenda zamu, kama sungusungu wa Kisii, ila hawa hawakumtisha mtu; walipita na kipande cha mti kilichotobolewa, wakikigonga polepole ili walalao wajue wanalindwa. Na kila nyumba iliwasha taa ya barazani jua likizama. Nyumba isiyowaka, mtu alitumwa mara moja kuuliza kulikoni.

Sasa, kwa kuwa Bosibori hakuaga, taa yake ilibidi iwashwe. Kazi hiyo aliichukua jirani yake Warti, mjane mwenzake, mdogo wa umbo na mkali wa maneno. Kila jioni Warti alipanda ngazi za mawe za nyumba ile, akabonyeza swichi, kisha akapiga simu ya video. Huku Toronto ilikuwa asubuhi. Bosibori alikuwa ameshakaa dirishani na chai yake, ghorofa ya kumi na nne, mtaa wa Thorncliffe Park, akingoja.

"Unaona?" Warti alikuwa akiuliza.

"Naona."

"Basi upo," Warti alikuwa akisema, na kuanza kumsimulia nani kaoza binti na kuku wa nani kaingia bustani ya nani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siku yake yote. Simu ikikatwa, siku ilikuwa imekwisha, na saa zilizobaki zilikuwa za kusukuma tu. Wulan alikuwa muuguzi wa zamu za usiku. Alirudi amechoka hoi, akalala mchana kutwa, na mama mtu akatembea nyumbani mwake kwa ncha za vidole kama mwizi. Mlango wao ulikuwa na kufuli mbili na mnyororo. Kwenye lifti watu waliyakodolea macho mabuti yao. Jirani wa mkabala, Bosibori alimjua kwa harufu ya vitunguu alivyokaanga, basi. Miaka miwili Bosibori hakumbishia mtu hodi, na msimwonee huruma upesi, kwa sababu na yeye hakutaka. Angebishaje hodi kwa majirani wapya na wale wa zamani hajawaaga?

Januari, Wulan alikuja mezani bila kuvua sare ya kazi.

"Mama, tuongee kuhusu nyumba."

"Nyumba imefanya nini?"

"Iko kwa jina langu, na mimi sasa ni raia wa hapa. Sheria ya kule hairuhusu mgeni kumiliki ile ardhi. I told you last year. Lazima nimpe mwenyeji kabla muda haujaisha, la sivyo tutaipoteza hivi hivi." Alimimina maji, hakuyanywa. "Kuna mwalimu wa shule ya pale, ana mke na watoto wadogo. Wanaitaka. Ni watu wa pale pale, Mama, si tajiri wa mjini."

"Wape basi. Kwani nimekukataza?"

"Pak Sarjono hataki kuweka sahihi ya ushahidi." Pak Sarjono, yaani Mzee Sarjono, alikuwa kama balozi wao wa nyumba kumi. "Anasema hawezi kumwingiza mtu kwenye nyumba ambayo mwenyewe yumo. Mpaka uage."

Bosibori alitazama chai yake. Moyoni alifurahi, furaha mbaya ya mtoto aliyeficha ufunguo. "Kichwa kinaniuma," alisema. "Labda wiki ijayo."

Wiki hiyo ilipofika kichwa kiliuma tena. Iliyofuata lilikuwa jino. Wulan akaomba, akanuna, mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi ndiye niliye hapa na wewe. Me. Si hao." Neno hilo lilimchoma Bosibori. Angemwambiaje mwanawe kwamba anampenda na bado anaogopa kubaki naye peke yake? Kule kulikuwa na watu ambao taa yake isipowaka wangekuja mbio. Akishaaga, hapangekuwa na mtu popote wa kuuliza kulikoni.

Asubuhi moja simu haikulia. Bosibori alingoja mpaka chai ikawa baridi, akapiga yeye, haikupokewa. Alizunguka sebuleni akimwomba Mungu kwa Kikisii. Ilipopokewa hatimaye, kwenye kioo alikuwa Pak Sarjono, na nyuma yake baraza ya Bosibori, taa inawaka, mvua inapiga.

"Taa nimewasha mimi, Bu," alisema. Bu ndiyo mama, kwa heshima. "Warti ameteleza kwenye ngazi. Nyonga imevunjika. Tumemkuta amelala pale pale kwenye maji."

"Kwa muda gani?"

"Muda kidogo. Walinzi ndio waliomkuta. Waliona nyumba yako ina giza, wakaja kuuliza." Mzee alipangusa maji ya mvua usoni. "Ya kwake ilikuwa na giza pia. Alikuja kuwasha yako kwanza."

Bosibori aliketi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Yeye, mwanamke mzima mwenye mvi, alikuwa amemtuma bibi mwenzake kupanda mawe yenye utelezi kila jioni ya mvua, apate tu kujidanganya asubuhi kwamba hajaondoka. Na ile nyumba waliyokuwa wakiilinda usiku wote haikuwa na mtu wa kulindwa.

"Pak," alisema, "kesho nitaaga."

Kesho yake alivaa batiki yake nzuri, akafunga kitambaa kichwani kama anayekwenda arusini. Wulan hakulala, alikaa kando yake, haonekani kwenye kioo, amemshika mkono. Pak Sarjono aliibeba simu mlango kwa mlango chini ya mwavuli. Nyumba moja baada ya nyingine, Bosibori aliinamisha kichwa na kusema yale maneno: nimewakosea, niliyoyajua na nisiyoyajua, niachilieni. Wakamjibu nenda salama. Wengine walilia. Muuza tofu, ile jibini ya soya, alimkumbusha ndizi ambazo Bosibori alimwibia enzi hizo, akamsamehe mbele ya watu, wakacheka wote.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Warti. Alikuwa amelala kitandani, mto chini ya goti, amekunja uso.

"Umekuja kunifukuza kazi," alisema.

"Nimekuja kuomba radhi. Nimekuvunja mguu."

"Mguu umevunjwa na jiwe. Wewe umenivunja kitu kingine, siku ile ulipoondoka alfajiri bila kuniamsha." Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa hasira. "Nilijua hurudi. Unadhani mimi mtoto? Nilikuwa nawasha ile taa ili nipate mtu wa kuongea naye."

Walitazamana tu, wajane wawili, kila mmoja akidhani yeye ndiye aliyekuwa akimfaa mwenzake.

"Nipigie bado," Bosibori alisema.

"Na niongee nini? Taa sasa ni ya mwalimu." Warti akavuta pumzi. "Sema maneno yako, Sibo. Yaseme vizuri."

Akayasema. Warti akavuta shuka mpaka kifuani. Kisha akasema, "Nenda salama," na kioo kikazima.

Asubuhi iliyofuata Bosibori aliamka mapema kwa mazoea, akapika chai, akaketi dirishani. Hakuna aliyepiga. Chini, mabasi yalipita barabara ya Overlea kwenye theluji chafu. Wulan alikuwa bado kazini. Alijaribu redio, akaizima. Aliosha kikombe kilichokuwa safi. Wakati fulani aligundua kwamba, katika jengo lile lenye mamia ya watu, angeweza kuanguka bafuni saa hiyo, na mbali na mwanawe arudipo, hakuna roho ambayo ingeona upungufu wowote.

Akavaa tena ile batiki. Akatoka, akavuka korido, akagonga mlango wa mkabala.

Ilichukua muda. Kitasa kilizunguka, mlango ukafunguka kadiri mnyororo ulivyoruhusu, na jicho la mwanamke wa makamo likamchungulia. Harufu ya vitunguu ikatoka naye.

"Kuna shida?" aliuliza kwa Kiingereza cha wasiwasi.

"Hakuna shida. Mimi ni jirani. Nimehamia hapa." Kiingereza cha Bosibori kilitetemeka.

"Umehamia lini?"

"Leo."

Mwanamke alikunja nyusi. "Lakini nakuona kwenye lifti. Tangu mwaka juzi nakuona."

"Ndiyo," alisema Bosibori. "Lakini nimehamia leo."

"Sasa unahitaji nini? Chumvi? Simu?"

Kwa Kijava kulikuwa na namna nzuri ya kulisema jambo hilo, na kwa Kikisii pia. Kwa Kiingereza alilipata vipande vipande, uso umemwiva kwa haya. "Sihitaji kitu. Nimekuja mnijue tu. Ili siku mtakayokaa bila kuniona, mtu aniulizie."

Mwanamke hakuutoa mnyororo. Alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kwenye ndala, na Bosibori alikuwa ameshaanza kugeuka arudi kwake.

"Ngoja," sauti ikasema kwenye ule mwanya. "Nitamuulizia nani? Hujasema jina."